Giza Lenye Uzito: Maoni juu ya Santuri za No U-Turn

Wako wanaodai kuwa muziki wa dramu-na-besi ni makelele matupu ya vijana wa London. Dai hilo lastahili kupimwa kwa sikio, si kwa chuki. Tutwae mkusanyo uitwao Torque, uliotolewa mwaka 1997 na No U-Turn, kampuni ya santuri ya Nico, ambamo wamo Ed Rush, Trace na Fierce.

Jambo la kwanza ni mgawanyo wa kazi. Ngoma zakimbia mapigo yapatayo 170 kwa dakika. Besi, iliyokwaruzwa makusudi mpaka ikanguruma, yatembea kwa mwendo wa nusu. Msikilizaji avutwa na kasi mbili kwa wakati mmoja, naye hana mwimbaji wa kumwongoza njia. Hofu yazaliwa katika mwachano huo, wala si katika ukubwa wa sauti.

Hata hivyo, sifa ina mpaka. Pale ambapo ngurumo ile ile yarudi kipande baada ya kipande, giza lageuka kuwa desturi, na desturi haitishi mtu.

Tena, mtindo huu kwa jumla ulilelewa na ngoma za kuazima, hasa sekunde chache za Gregory Coleman wa kundi la The Winstons, zilizorekodiwa mwaka 1969 huko Marekani. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa ujira wa matumizi hayo. Basi mhakiki anayesifu uzito wa sauti hizi hana budi kuutaja pia mkono uliozipiga ngoma.