Hongera, Rubani Usiyetegemea Kumbukumbu

Asubuhi na mapema katika uwanja wa Wilson, Nairobi, rubani wa Cessna huizunguka ndege yake, orodha mkononi. Abiria wanatazama saa. Yeye hana haraka, na kwa hilo anastahili pongezi.

Huchota mafuta kidogo kutoka chini ya tangi na kuyainua kwenye mwanga. Petroli ya ndege aina ya 100LL ni ya buluu. Maji ni mazito zaidi, hutuama chini, na yakifika kwenye injini yanaweza kuizima. Hupima kina cha mafuta kwa kijiti, hufunga kifuniko cha tangi, kisha hukijaribu tena kwa mkono. Huvua kifuniko cha mrija wa pito, la sivyo kipima mwendo hakitasema kweli. Huondoa kabari za magurudumu na pini inayofunga usukani.

Pini hiyo si jambo dogo. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege ya Boeing Model 299 ilianguka punde baada ya kuruka kwa sababu vifungio vya usukani havikuondolewa. Rubani wake, Meja Ployer Hill, alikuwa mzoefu, na alipoteza maisha. Msiba huo ndio uliowafundisha marubani kukagua kwa orodha iliyoandikwa.

Tahadhari kabla ya hatari: wengi tunaisema, marubani hawa wanaitenda kila safari. Akikatizwa na swali, rubani makini huirudia hatua aliyokuwa akiikagua. Basi tusimharakishe. Tumpe nafasi amalize, na tumshukuru.