Gundi ya Jino Hupimwa Ukingoni

Wiki ya kwanza baada ya jino kuzibwa, gundi nzuri na gundi mbaya hazitofautiani. Zote zimeshika, na mwenye jino anatafuna nyama bila wasiwasi. Mjuzi haridhiki na kushika tu. Anauliza imeshika kwenye nini, na itakuwaje baada ya miaka mitano ya mate, chai ya moto na maji baridi.

Enameli, ganda gumu la nje, haina ubishi. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Mwaka 1955 Michael Buonocore, akifanya kazi Rochester nchini Marekani, aliripoti kwamba enameli iliyopakwa asidi ya fosforiki kwa nusu dakika hushikana na akriliki kwa muda mrefu zaidi. Tindikali hula vishimo visivyoonekana kwa macho, gundi ikaingia humo na kugandia. Yeye alitumia asidi ya asilimia 85. Siku hizi hutumika ya 37 hivi. Kipimo cha kwanza basi ni cha macho: enameli ikishaoshwa na kukaushwa, ipauke iwe na weupe wa chaki. Ikibaki inang'aa, hakuna chupa ya bei kubwa itakayoiokoa kazi hiyo.

Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa jambo hili lina uzito wake. Floraidi nyingi katika maji huacha madoa ya kahawia kwenye meno, na tabaka la juu la enameli ya namna hiyo huikataa tindikali. Aghalabu hulazimu kulikwangua kidogo kwanza.

Mtihani wenyewe ni dentini, tabaka lililo chini ya enameli. Madini ni kama asilimia 70 tu. Kinachobaki ni kolajeni na maji, na mirija myembamba inayotoka kwenye kiini cha jino huendelea kuleta unyevu. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi wa Japani na wenzake walieleza siri ya kushika hapo: gundi lazima ipenye katikati ya nyuzi za kolajeni zilizoachwa wazi na tindikali, zigande pamoja. Ukikausha kupita kiasi nyuzi hulaliana na njia hufungwa. Ukiacha maji yatuame, gundi huzimuliwa. Daktari hodari huosha tindikali kabla ya sekunde 15 kupita juu ya dentini, kisha huacha uso wenye mng'ao wa unyevu bila kidimbwi. Mkono huo haununuliwi pamoja na chupa.

Chupa nazo si sawa. Katika maabara, OptiBond FL ya hatua tatu na Clearfil SE Bond ya hatua mbili zimekuwa kigezo cha kupimia nyingine kwa miaka mingi. Ya pili ina molekuli iitwayo MDP, iliyobuniwa na kampuni ya Kuraray, ambayo hufungamana na kalisi ya jino kikemia. Tindikali yake ni ya upole, kwa hiyo wengi hupaka asidi ya fosforiki kwenye enameli peke yake kabla ya kuitumia. Zile za kwanza za kumaliza kazi kwa hatua moja zilipendwa na wenye haraka; utando wake ulipitisha maji, na kudumu kwake kukaonyesha hivyo.

Matangazo hujigamba kwa megapaskali, kipimo cha nguvu ya kushika. Megapaskali za lini? Kipimo cha saa 24 ni cha kujipongeza. Chenye maana ni cha baada ya miezi kadhaa majini, au baada ya maelfu ya mizunguko kati ya nyuzi joto 5 na 55 za Selsiasi, maana maji hulegeza gundi na vimeng'enya vya dentini yenyewe hula kolajeni ambayo haikufunikwa.

Mdomoni, mjuzi huchunguza ukingo wa chini, karibu na ufizi, ambako enameli huwa nyembamba au haipo kabisa. Mstari wa kahawia peke yake si ushahidi wa kuoza. Ncha ya chuma inayonasa kwenye ufa inastahili kuangaliwa zaidi. Watafiti nao wakitaka kuijaribu gundi bila huruma huchagua vijishimo vya shingo ya jino vilivyotokana na kulika, si kuoza. Vijishimo hivyo ni vipana na havina kingo za kubana kizibo, kwa hiyo gundi ikilegea, kizibo hudondoka chote.