Ndovu Alipofika Kigali: Tulishangilia Nini?



Bila shaka wengi wenu mnaijua furaha hii. Uko ugenini, unasikia kwamba duka la kwenu litafungua tawi katika mji unaoishi, na mara watu wazima wanapigiana simu kama watoto walioambiwa kesho ni sikukuu. Furaha hiyo ina utamu wake na sina nia ya kuikejeli. Ninachotaka ni kuihakiki kama tunavyohakiki shairi katika kurasa hizi: inasema nini, na inanyamazia nini?

Mfano wangu ni Nakumatt kuingia Kigali mwaka 2008. Rwanda ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka mmoja kabla, na Wakenya tulikuwa wengi pale mjini: walimu, wahasibu, watu wa benki na wa mashirika. Duka lile lenye nembo ya ndovu tulilipokea kama jamaa aliyefika salama kutoka safari ndefu.

Kwanza, furaha ile ilisema kwamba mgeni huchoka kueleza. Ugenini kila kitu ni swali: hiki kinaitwaje, kinapikwaje, bei yake inapunguzwa au haipunguzwi? Mbele ya rafu za kwenu mkono unakwenda wenyewe kwenye unga wa Jogoo, majani ya chai ya Ketepa na pakiti ya Royco. Hununui chakula tu, unanunua na nusu saa ya kutokuwa mgeni. Mwenye kuishi kwao hawezi kujua thamani ya nusu saa hiyo.

Lakini tulipofika kwenye neno "chetu", tuliteleza. Blue Band tuliyoikumbatia kama ndugu ilikuwa mali ya Unilever, kampuni ya Uingereza na Uholanzi. Jina Nakumatt lenyewe asili yake ni magodoro ya Nakuru. Kulikuwa na duka jingine, Uchumi, lililoanzishwa na serikali ya Kenya miaka ya 1970 ili wananchi wapate bidhaa kwa bei nafuu. Hilo ndilo lililokuwa na haki zaidi ya kuitwa letu, nalo pia lilivuka mipaka, kisha Oktoba 2015 likafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania. Basi kilichokuwa chetu ni mazoea. Mazoea ni kitu cha kweli, ila si hati ya kumiliki.

Tena, nyumbani kwa nani? Kwenye foleni ya keshia walisimama Wanyarwanda waliokulia ukimbizini Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo, wakarudi baada ya 1994. Walichukua majani ya chai yale yale, kwa furaha ile ile. Nchi ilikuwa yao, lakini ladha ya utoto wao ilitoka kwa majirani. Mbele ya rafu ile ilikuwa vigumu kusema nani mgeni na nani mwenyeji. Nasi tulikuwa tukisema kwa sauti, "Sasa Kigali ina duka!" Wenyeji wenye soko lao la Kimironko walitusikia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji adharauliwe.

Sasa nije kwenye lile ambalo furaha yetu ililinyamazia kabisa. Kabla ya ndovu, unga wetu uliletwa na akina mama wachuuzi waliopanda basi Nairobi, wakapita Kampala, wakavuka mpaka wa Gatuna, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 na mifuko miguuni. Walitukopesha hadi mwisho wa mwezi. Walijua nani kajifungua na nani kafiwa. Siku duka lilipofunguliwa tuliwaacha, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeaga.

Yaliyofuata mnayajua. Nakumatt ilifikisha zaidi ya matawi 60 katika nchi nne, kisha mwaka 2017 rafu zikaanza kubaki tupu. Mwaka 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Miongoni mwa wadai hao walikuwamo wauzaji waliokuwa wamepeleka bidhaa na kungoja malipo. Mchuma janga hula na wa kwao. Sisi tuliokuwa tukisifia tulikosa mahali pa kununua chai. Wao walikosa mtaji.

Nasema haya kwa sababu furaha hii itarudi. Leo ni Kigali, kesho ni Muscat, Leicester au Minneapolis; mtu wa kwetu atafungua duka na simu zitalia tena. Furahini, na mimi nitakuwa kwenye foleni. Lakini kabla hamjaiita siku hiyo mwanzo wa neema, jiulizeni ni nani aliyekuwa akiwauzia unga hadi jana, na kama mnadaiwa chochote. Kama mnadaiwa, pitieni kwake kwanza.