Kijitabu cha Maboyi na Magazeti Yetu Madogo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaisikia dukani na kwenye chama cha akiba. Leo twaitaja kwa ajili ya mali nyingine: karatasi ndogo ndogo zinazotolewa na parokia, na shule, na vyama vyetu, zikasomwa Jumapili moja, kisha zikatupwa.

Majuzi, njiani kutoka Nyantende kwenda Bukavu, tulinunua karanga. Mama aliyeziuza alizifunga katika kipande cha karatasi. Tulipokwisha kula tukakikunjua, tukaona orodha ya watoto waliopata Kipaimara, na pembe yenye mwaka imechanika. Yule mama hatukumlaumu. Alitumia karatasi aliyoipata. Tulijilaumu sisi tulioiacha ifike pale.

Basi tulirudi nyumbani tukasoma tena kitabu kimoja ambacho yafaa wasomaji wetu wakijue. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 huitwa Lubumbashi, mtu mmoja jina lake André Yav aliandika kwa mashini historia ya mji huo. Aliiandika kwa Kiswahili cha huko, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa zamani watumishi katika nyumba za Wazungu: wapishi, wafua nguo, maboyi. Alikiita kijitabu chake kwa Kifaransa “Vocabulaire”, yaani msamiati, ingawa si kamusi hata kidogo. Ni habari za watu waliojenga mji, kama walivyozisikia na kuziona wale waliowapikia.

Kijitabu cha namna hiyo kingeweza kuishia pale zilipoishia karanga zetu. Hakikuishia huko, kwa sababu nakala yake ilimfikia mtaalamu Johannes Fabian, aliyekuwa akichunguza Kiswahili cha Katanga. Naye hakuweza kukisoma kwa urahisi. Maneno yameunganishwa mahali yasipotakiwa, yametengwa mahali pengine, na vituo ni haba. Akamwomba Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi, akisome kwa sauti, na sauti ile ikanaswa. Hapo maneno yakafunguka. Kumbe Yav aliandika kama mtu anavyosema, na dawa ya maandishi yake ilikuwa sikio la mwenyeji. Mwaka 1990 kitabu kikatoka, chenye maandishi ya asili, na usomaji wa Kalundi Mango, na tafsiri ya Kiingereza.

Kazi hii twaisifu kwa jambo moja kuliko yote: hawakumsahihisha Yav. Sisi tunaoandika magazeti ya misioni twajua kishawishi hicho. Barua ya mkristo wa kilimani hutufikia, nasi twaipangusa, twaivalisha Kiswahili cha shuleni, mpaka mwenyewe asiitambue. Lugha yaweza kunyooka, lakini mtu aliyeandika hayupo tena.

Lakini tuna mawili ya kulaumu. La kwanza ni jina ambalo Fabian alikipa kitabu: historia kutoka chini. Ni chini ya nani? Mpishi hakuwa chini, alikuwa jikoni, na maneno ya sebuleni husikika jikoni. Yav hakujihesabu kuwa mtu wa pembeni. Alisimulia mji kama mmoja wa wenye mji. La pili ni kwamba kitabu kilipigwa chapa Ulaya, kwa Kiingereza, kwa bei asiyoiweza mjukuu wa mpishi yule. Baadaye wataalamu wenyewe waliyaweka maandishi hayo katika intaneti bila malipo, na kwa hilo wanastahili shukrani. Hata hivyo twauliza: je, kila mara ni lazima mgeni apite ndipo karatasi zetu ziokoke?

Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walikuwa na desturi njema: kila misioni iliandika kitabu cha siku, mvua iliponyesha, mgonjwa alipokufa, chifu alipokuja. Kwa hiyo habari nyingi za nchi yetu zinahifadhiwa Roma. Ni vema, lakini ni habari kama padri alivyoziona kutoka barazani kwake. Maneno ya katekista, ya mama wa chama, ya mwalimu wa darasa la kwanza, hayo yamo katika karatasi zetu za bei rahisi, na Roma hazikupelekwa.

Tena tusidhani kwamba gazeti dogo ni jambo dogo. Hapa Bukavu Solange Lusiku Nsimire aliliongoza gazeti “Le Souverain” tangu 2007 mpaka alipofariki Oktoba 2018. Watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake, naye hakuacha kuandika. Anayefungia samaki kwa gazeti la namna hiyo hajui gharama ya kile anachokikunja.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya karatasi huoza. Unyevu wa milima yetu huila, mchwa huila, pini ya chuma hushika kutu ikatoboa ukurasa. Vita navyo: 1996, 1998, 2004, na tena Februari 2025, vilifika Bukavu, na mwenye kukimbia hubeba mtoto na sufuria, habebi magazeti.

Basi tufanye nini hapa Nyantende? Si lazima tungoje jengo. Sanduku la mbao lenye kifuniko latosha kuanza, liinuliwe juu ya mawe, lisiguse ukuta. Pini zitolewe, karatasi zifungwe kwa uzi wa pamba. Kila toleo liandikwe mwaka kwa kalamu ya risasi kabla pembe haijachanika. Nakala moja ibaki parokiani, ya pili ikae mahali pengine mbali, na vijana wapige picha kurasa zote kwa simu zao. Tena wazee waombwe kusoma kwa sauti yale yasiyosomeka, kama alivyofanya Kalundi Mango.

Neno moja la tahadhari. Jina lililoandikwa ni ukumbusho, lakini katika nchi iliyoona vita laweza kuwa hatari kwa mwenye jina. Orodha za waliokimbia, mashitaka, habari za mashauri ya nyumba, hizo zifungwe kando, na watu wawili au watatu wanaoaminiwa wakubaliane ni lini zifunguliwe. Kuhifadhi si kutangaza.

Wala tusichague zile tu zinazotusifu. Gazeti la parokia hupenda kuhesabu matofali ya kanisa jipya na kunyamaza juu ya ugomvi uliochelewesha paa. Mjukuu wetu atataka kujua yote mawili.

Yule mtoto wa Kipaimara, ambaye jina lake tulilisoma kati ya maganda ya karanga, huenda sasa ni baba wa watoto. Kile kipande tumekitia katika bahasha. Mwaka wake hatukuupata, lakini majina kumi na mawili yanasomeka.