Lakiri moja kutoka Mombasa hadi Kigali

Kontena la transiti linapotoka Bandari ya Mombasa kuelekea Kigali, mlango wake hufungwa kwa lakiri ya kielektroniki: kufuli lenye waya wa chuma, betri, kipokezi cha setilaiti na laini ya simu. Kila baada ya dakika chache lakiri hutuma taarifa ya mahali lori lilipo. Waya ukikatwa, au dereva akiacha njia iliyoidhinishwa, tahadhari huingia kwenye kompyuta za mamlaka ya mapato, na kikosi cha doria kilicho karibu hutumwa kulikagua lori hilo barabarani. Safari yote ni ya karibu kilomita 1,700.

Kifaa chenyewe hakikuwa kigeni. Kabla ya mpango wa pamoja wa 2017, Kenya na Uganda zilikwisha kuanza kufuatilia mizigo kwa lakiri za namna hii, ila kila nchi kivyake. Lori lilipofika Malaba, mpakani mwa nchi hizo mbili, ufuatiliaji wa upande mmoja ulikoma na wa upande wa pili ulianza upya. Mizigo yenye kodi kubwa, kama sigara na mafuta, ilisindikizwa na maofisa wa forodha, na madereva walilala njiani wakisubiri msafara utimie. Pamoja na hayo yote, bidhaa zilizoandikiwa nchi jirani ziliendelea kushushwa njiani na kuuzwa madukani bila kodi.

Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda, kwa ufadhili wa Uingereza kupitia TradeMark East Africa, zilikubaliana kutumia mfumo mmoja wa ufuatiliaji. Kwa mpango huo ofisa aliyeko Kampala analiona kontena hata kabla halijafika mpakani kwake.

Mimi nausifu mpango huo kwa utaratibu wake zaidi ya vifaa vyake. Mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia hii ya kutoka Mombasa kwenda nchi za bara, ulitiwa saini mwaka 1985. Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza 2014, na kuanzia hapo kodi ikawa inakadiriwa na kulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini. Sheria ya Jumuiya kuhusu vituo vya pamoja mpakani ni ya 2016. Kwa hiyo lakiri ya pamoja ilipokuja, maswali magumu yalikuwa yamekwisha kujibiwa: kodi ni ya nani, hati ya nani inatambulika, ofisa wa nchi moja ana mamlaka gani akiwa katika ardhi ya nchi nyingine. Miradi mingi ya uchukuzi wa kisasa huanza kwa kununua kamera na kompyuta, na maswali hayo yakaachwa yajijibu yenyewe. Hayajijibu.

Makubaliano yakivunjika, teknolojia haina la kufanya. Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna kati yake na Uganda, na malori yakazungushwa njia nyingine hadi Januari 2022. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilomita kwa sababu madereva walilazimika kupimwa na kusubiri majibu pale pale mpakani. Kila mtu alijua malori yako wapi. Nafuu ilitafutwa katika mfumo mpya wa Jumuiya uliompa dereva cheti cha vipimo katika simu yake, na cheti hicho kilikuwa na thamani pale tu nchi zilipokubali kukitambua.

Mapengo mawili yananisumbua. La kwanza ni Tanzania, ambayo haikuwamo katika mpango wa 2017 na ina mfumo wake wa kufuatilia mizigo. Rwanda hupitisha sehemu kubwa ya shehena yake Dar es Salaam na mpaka wa Rusumo, hivyo mfumo ulioishia Ushoroba wa Kaskazini uliiachia Kigali picha nusu. La pili ni mizani. Kikomo cha Jumuiya cha uzito wa lori na mzigo wake ni tani 56, na Kenya imeweka vihisi vya kupima lori likiwa kwenye mwendo. Lakini mizani ni ya wasimamizi wa barabara, lakiri ni ya watoza kodi. Dereva yuleyule, kontena lilelile, anajieleza kwa idara mbili.

Kabla ya fedha nyingine kutengwa kwa vifaa, mawaziri wa uchukuzi na wa fedha wa nchi hizi, Tanzania ikiwamo, waketi kikao kimoja na kuandika nani atampa nani taarifa gani. Zabuni zije baadaye.