Kivuli cha Lambalamba: Juu ya Kuwafundisha Watoto Kuchora

Miongoni mwa mazoezi yanayopendwa na walimu wa uchoraji ni lile la kuchora lambalamba, na kuitia vivuli hata ionekane ya kweli, kana kwamba mtu angeweza kunyosha mkono akaichukua karatasini. Wako wanaoliona zoezi hili kuwa la kupitisha muda. Sisi hatulioni hivyo. Ndani yake limejificha swali zito linalogusa elimu yetu yote: je, mtoto anafundishwa kuona, au anafundishwa kunakili kile alichokiona mtu mwingine?

Hebu tuangalie jinsi somo lenyewe linavyoendeshwa mara nyingi. Mwalimu huchora ubaoni umbo la pia, akaweka tufe juu yake, kama alivyoikuta picha kitabuni. Kisha hutia mistari ya giza upande wa kulia, na watoto wote huiga. Mwenye mchoro unaofanana na ule wa ubaoni hupata alama nyingi, na aliyekwenda njia nyingine hupata chache. Lakini muulize mmoja wao kwa nini kivuli kiko kulia. Atajibu kwamba ubaoni kiko kulia. Jibu hilo latosha kutuonyesha kasoro ya somo zima. Mtoto amejifunza mahali pa kivuli bila kujifunza sababu ya kivuli.

Na sababu ipo. Ni desturi ya zamani ya wachoraji wanaotumia mkono wa kulia kuketi dirisha likiwa kushoto kwao, ili mkono usiifunike kazi kwa kivuli chake. Ndiyo maana katika vitabu vingi nuru hutoka juu kushoto. Desturi hiyo ni njema kwa aliye na dirisha na meza. Lakini si sheria ya maumbile, na mtoto anayechora chini ya mwembe hana deni nayo.

Tuchukue mfano wa Lukuledi, wilayani Masasi, katika bonde la mto wenye jina hilo, unaoteremka hadi kumwaga maji yake baharini Lindi. Koni yenye krimu inajulikana zaidi na mtoto aliyepata kwenda mjini. Lakini barafu ya ubuyu au ya ukwaju nani asiyeijua? Ni maji ya tunda yaliyotiwa katika kifuko chembamba cha plastiki, yakafungwa fundo na kugandishwa. Mtoto huitoboa pembe kwa jino na kuifyonza, na kadiri anavyofyonza utamu ndivyo rangi inavyomhama, mpaka hubaki kipande cheupe kisicho na ladha. Pengine ni mama yake au dada yake aitengenezaye, na fedha yake ndiyo inunuayo daftari lile lile analochorea. Kwa nini basi tumwambie kwamba kinachostahili kuchorwa ni koni ya kitabuni?

Hali kadhalika jua la Lukuledi si jua la kitabuni. Mahali hapa, kusini ya Ikweta kwa nyuzi kumi na kitu, jua husimama utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Oktoba, wakati wa kuokota korosho, na tena baada ya tarehe 20 Februari. Saa sita mchana siku hizo, kitu kilichosimama wima hukaribia kukosa kivuli kabisa; kivuli chake hujikunja chini yake kama kuku juu ya mayai. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na vivuli hulala kusini. Asubuhi hulala magharibi, na jioni mashariki. Mtoto akiijua elimu hii kwa macho yake, amejifunza sayansi na jiografia katika somo la uchoraji. Lakini akiandikiwa kivuli kulia Januari hadi Desemba, asubuhi hadi jioni, amefundishwa kulikana jua lililo juu ya kichwa chake.

Wako wenzetu watakaosema kwamba huu uchoraji wa vivuli wenyewe ni mgeni, na kwamba heri tuwaachie watoto mistari mitupu na rangi bapa, ndiyo asili yetu. Hoja hii inaonekana kuwa ya kizalendo, lakini haisimami ikipimwa. Mwaka 1906, wakati vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka uliotangulia havijapoa, Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi na Newala akichunguza maisha ya wenyeji. Aliwapa wapagazi na wenyeji penseli na karatasi, akawataka wachore, na baadhi ya michoro hiyo akaichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1908. Kwa sehemu kubwa ni michoro ya mistari. Haikosi ufundi wala uangalifu. Watu wale hawakuwa na ubao wa kunakili, kila mmoja alichora alichokiona na kukikumbuka. Tunachorithi kwao, basi, ni uhuru wa jicho. Kuigeuza mistari yao kuwa kanuni ya kuwafunga watoto wa leo ni kuupoteza urithi huo.

Tena uhalisia una makao ya siku nyingi katika uwanda wa Makonde. Mwangalie lipiko, kinyago kinachovaliwa kichwani katika ngoma. Vingi vimechongwa kwa uso wa mtu hasa, vikatiwa chale na nywele, hata mtazamaji hushangaa. Na mchongaji wa mpingo hufanya nini anapozamisha patasi kati ya mkono na kifua cha sanamu? Hutafuta giza. Hachori kivuli, bali hukitengenezea mahali pa kukaa, na nuru inapokuja hukikuta kivuli kimekwisha andaliwa. Mtoto anayetia kivuli kwa penseli na mzee anayechimba mpingo kwa patasi wanafanya kazi moja kwa vyombo viwili.

Ni kweli kwamba wako mabingwa wetu walioacha kivuli. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alipaka wanyama na ndege wake kwa rangi bapa juu ya hadibodi, na mtindo huo ukabeba jina lake duniani. George Lilanga, aliyezaliwa wilayani Masasi mwaka 1934, alianza kwa kuchonga, kisha akapaka picha za rangi bapa zilizozungushiwa mistari. Lakini mtu aliyeujua mpingo hakukosa habari ya kivuli. Alikijua, akakiacha kwa hiari yake. Aliyeacha na aliyenyimwa hawafanani. Mtoto naye afundishwe, kisha achague. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliwaonya wananchi kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa pumbavu, na kwamba kujifunza huko si kuacha vya kwetu. Maneno hayo yanaihusu penseli kama yanavyoihusu ngoma.

Sasa tuseme la kufanya. Barafu ni mwalimu mkali kwa sababu haingoji. Katika joto la Masasi huyeyuka kabla mwanafunzi hajachonga penseli yake. Kwa hiyo mazoezi ya kwanza yafanywe kwa vitu vinavyongoja: yai, kopo, bibo la korosho, hata jiwe. Hapo mtoto ajifunze daraja za nuru: doa la mng'ao, upande wenye mwanga, upande wenye giza, ule mwanga hafifu unaorudi kutoka chini, na kivuli kilichoanguka juu ya meza au ardhi. Penseli ikikosekana, kipande cha mkaa kitatosha. Na weupe asiutafute kwa chaki. Karatasi yenyewe ndiyo weupe, aiache.

Baada ya hapo barafu iletwe. Kwanza watoto waitazame bila kugusa penseli, mpaka waweze kueleza kwa maneno wanachokiona. Watagundua jambo ambalo jiwe halikuwafundisha. Jiwe huizuia nuru, lakini barafu huipokea, ikapita ndani yake na kutokea upande wa pili. Kwa hiyo upande ulio mbali na jua, ambao katika jiwe ungekuwa mweusi, katika barafu ya ubuyu huweza kuwaka wekundu kama kaa la moto. Hata kivuli chake ardhini huwa na wekundu kidogo. Mtoto aliyenakili ubaoni hawezi kuyajua haya. Huchora jiwe lenye umbo la barafu, na sisi tukamsifu.

Ushauri wetu kwa walimu kuhusu kusahihisha ni huu. Kabla ya kutoa alama, mwalimu amuulize mwanafunzi swali moja: jua lilikuwa wapi? Akijibu, na mchoro wake ukakubaliana na jibu lake, amefaulu, hata kama kifuko kimepinda na fundo limekuwa kubwa kuliko barafu. Mkono utanyooka kwa mazoezi. Lakini jicho likishazoea kuamini ubao kuliko jua, kulirudisha ni kazi ngumu, wala madhara yake hayaishii katika uchoraji. Kijana wa namna hiyo ataandika insha kwa maneno ya mwingine, na atakubali habari za nchi yake mwenyewe kama zilivyosimuliwa na wapita njia.

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeipa sanaa nafasi ya wazi katika shule za msingi. Nafasi hiyo ni njema, ila nafasi ni kama daftari jipya: thamani yake itatokana na kitakachowekwa ndani. Tukiijaza koni za kunakili, tutakuwa tumeongeza kipindi bila kuongeza elimu. Ndugu walimu, watoeni watoto nje, na kila mmoja akichore kivuli pale alipokikuta.