Msaliti au Mpatanishi? Suala la Maafikiano katika Tamthilia ya Kigogo

Utangulizi

Katika ufundishaji wa fasihi andishi kuna neno moja ambalo wanafunzi wetu hulishika upesi na kulitumia bila kulipima. Neno hilo ni "msaliti". Mwanafunzi akiulizwa sifa za Gege katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, atajibu kwamba ni msaliti, na atakuwa amesema kweli, kwa kuwa Gege anamuua ndugu yake Mwelusi kwa tamaa ya yale aliyoahidiwa na watawala. Akiulizwa kuhusu Boza katika Kigogo ya Pauline Kea, atajibu vivyo hivyo. Tatizo huanza anapoulizwa kuhusu Ashua. Huyo naye hubandikwa jina lilo hilo, na mara nyingi mwalimu hutia alama ya pata na kuendelea.

Kigogo si kitabu cha lazima tena. Nafasi yake ilichukuliwa na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Hata hivyo, nakala zake zingali katika maktaba zetu, na swali linaloibuliwa humo limekuwa swali la nyumbani hapa Kakamega tangu mwaka 2024. Swali lenyewe ni hili: mpinzani anapokubali kuelewana na mtawala, ni lini anapatanisha na ni lini anasaliti? Hoja ya makala hii ni kwamba tamthilia imetoa jibu lenye uzito kuliko tunavyolifundisha, na kwamba jibu hilo limo katika mhusika tunayempuuza, yaani Ashua.

Vishawishi vya Majoka

Majoka, mtawala wa Sagamoyo, hatumii nguvu peke yake. Anatumia pia ahadi. Kwa Sudi anataka kinyago cha Marara bin Ngao kichongwe, na kinyago hicho kina malipo yake. Kwa Tunu anatoa ndoa na mwanawe, Ngao Junior. Kwa wachongaji wa karakana inapelekwa keki ya uhuru. Kwa Mamapima anatoa ruhusa ya kuuza pombe haramu, mradi walevi wa Mangweni waendelee kumsifu.

Katika orodha hii mwandishi amepanga wapokeaji wa namna mbalimbali. Boza anapokea na kufurahia, wala hatuoni kwamba kuna mtu mwingine aliyemfikiria alipopokea. Mamapima anapokea kwa sababu ndiyo riziki yake, ingawa riziki hiyo inaharibu wanakijiji wenzake. Sudi na Tunu wanakataa. Mwanafunzi akiishia hapo, mizani yake ni nyepesi: aliyekula ni msaliti, aliyekataa ni shujaa. Methali inayomwongoza ni "lila na fila havitangamani". Lakini Waswahili hao hao wana methali nyingine, "heri nusu shari kuliko shari kamili". Fasihi nzuri huishi kati ya methali mbili za namna hii, nasi hatuna budi kumwonyesha mwanafunzi mahali zinapogongana.

Mazungumzo ya gerezani

Zinagongana katika ndoa ya Sudi na Ashua. Soko la Chapakazi limefungwa. Ashua, ambaye ni muuza maembe, hana pa kuuzia, na watoto wana njaa. Anakwenda kwa Majoka kuomba msaada, na mwisho wake ni kifungo. Sasa kifungo hicho kinageuka kuwa chambo: Sudi akichonga kinyago, mkewe ataachiliwa. Sudi anapomtembelea, Ashua amechoka. Anataka mumewe akubali, na linafika suala la talaka.

Wahakiki wengi huyapitia mazungumzo haya kama mgogoro wa kinyumba, wakayaweka chini ya maudhui ya ndoa na malezi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo kilipo kikao cha pekee cha chama cha upinzani katika tamthilia nzima. Upande mmoja yupo anayeshikilia msimamo. Upande wa pili yupo anayetaka msimamo ulegezwe. Wote wawili wanamfahamu Majoka vizuri, na hakuna kati yao anayempenda. Wanatofautiana kuhusu gharama tu. Anayekataa yuko nje ya gereza. Anayelipia kukataa huko yuko ndani.

Kumwita Ashua msaliti ni kusahau kwamba hajapewa nafasi yoyote ya kuamua. Uamuzi wa kukataa kinyago ulifanywa na Sudi, na ulikuwa uamuzi wa haki kisiasa, maana kinyago kile kingekuwa historia ya uongo iliyochongwa kwa mkono wa mpinzani. Hata hivyo, uamuzi wa haki uliofanywa bila kumshirikisha anayeulipia huzaa manung'uniko, na manung'uniko ndiyo mlango anaoingilia Majoka. Basi, chambo cha Majoka kinalenga umoja wa wapinzani zaidi ya kinyago chenyewe.

Kutoka Ford hadi ODM

Ili wanafunzi wauone ukweli wa mchoro huu, mwalimu wa Kakamega hana haja ya kwenda mbali. Vuguvugu la Ford lilianzishwa Agosti 1991 na wazee sita, wawili kati yao wakiwa wa magharibi mwa Kenya: Martin Shikuku wa Butere na Masinde Muliro, ambaye chuo kikuu kilichoko mjini Kakamega kina jina lake. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kikafutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Kabla ya mwaka kwisha, Ford ilikuwa imegawanyika. Miongoni mwa yaliyozozaniwa ni njia ya kumteua mgombea urais: wanachama wote wapige kura, au wajumbe wateue? Jaramogi Oginga Odinga akabaki na Ford-Kenya, Kenneth Matiba akaunda Ford-Asili, Shikuku akiwa upande wake. Muliro alifariki Agosti 1992, kabla ya uchaguzi. Katika uchaguzi wa Desemba 29, 1992, Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Matiba, Kibaki na Odinga kwa pamoja walikuwa na zaidi ya asilimia 60.

Mwaka uliofuata, Jaramogi alitangaza ushirikiano na Kanu. Baadhi ya vigogo wa chama chake, akiwemo Paul Muite, hawakukubaliana na hatua hiyo na wakajitenga. Tazama kinaya kilichopo. Mwaka 1992 wapinzani walishindwa kulegezeana wao kwa wao. Mwaka 1993 baadhi yao wakamlegezea mtawala.

Hali hii imejirudia katika miaka ya karibuni. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais William Ruto aliwateua viongozi wa ODM katika baraza la mawaziri, miongoni mwao Wycliffe Oparanya, aliyekuwa gavana wa Kakamega kuanzia 2013 hadi 2022. Machi 7, 2025, Raila Odinga na Rais Ruto walitia sahihi mkataba wa mambo 10 katika jumba la KICC. Ndani ya chama hicho hicho, katibu mkuu Edwin Sifuna aliukosoa ushirikiano huo hadharani. Raila alifariki Oktoba 15, 2025, na chama kikabaki na mjadala huo bila mtu ambaye pande zote mbili zilikuwa zikimsikiliza.

Wanaounga mkono serikali jumuishi husema kwamba nchi ilihitaji utulivu, na kwamba eneo lisilo na mtu mezani halipati barabara. Wanaoipinga huuliza nani atakayeikosoa serikali ikiwa wakosoaji wamo ndani yake, na waliopoteza watoto katika maandamano wamepata nini. Mwanafunzi anayezisikia hoja hizi nyumbani na njiani amekwisha kuyasikia mazungumzo ya gerezani ya Sudi na Ashua. Hatutarajii mwalimu amwambie ni upande upi wenye haki. Tunatarajia ampe maswali ya kupimia: aliyekubali alikubali kwa niaba ya nani? Waliohusika waliulizwa? Faida ni ya nani, na gharama inabebwa na nani?

Tukitumia vipimo hivi, Boza hapiti hata kimoja. Ashua anapita viwili kwa wepesi, maana njaa ni ya wanawe na kifungo ni chake. Sudi mwenyewe anakwama katika swali la pili. Hapo ndipo uhakiki unapoanza.

Dosari na ubora wa tamthilia

Tusiisifu Kigogo kupita kiasi. Tunu na Sudi wanaafikiana mno. Hatuwaoni wakibishana kuhusu mbinu, wala hatuoni mkutano ambapo mmoja anataka mazungumzo na mwingine maandamano. Kutokana na hilo, ushindi wa mwisho unakuja kwa wepesi kidogo: umma unakusanyika, Kingi anakataa amri ya kuwapiga watu risasi, utawala unaporomoka. Msomaji aliyeijua Ford atauliza mgombea angeteuliwa vipi kesho yake.

Hata hivyo, mwandishi ametuachia tukio moja linaloziba pengo hilo kwa kiasi. Mamapima, aliyeneemeka kwa pombe haramu, anaomba msamaha, naye Tunu, aliyevunjwa mguu na wahuni, anamsamehe. Haya nayo ni maafikiano, lakini yametendeka mbele ya umma, na aliyeumizwa ndiye anayetoa msamaha. Hakuna aliyesamehe kwa niaba yake. Ukiyalinganisha na keki ya karakanani, utaona tofauti ambayo neno "msaliti" peke yake haliwezi kuieleza.

Darasani

Tunapendekeza mwalimu awape wanafunzi mijadala ifuatayo, kila jibu litetewe kwa matukio ya tamthilia:

1. "Ashua ni mhasiriwa wa msimamo wa Sudi kama alivyo mhasiriwa wa utawala wa Majoka." Jadili.

2. Linganisha kupokea kwa Boza na kupokea kwa Mamapima. Kwa nini mwandishi anampa Mamapima nafasi ya kutubu?

3. Andika mazungumzo ambayo Tunu, Sudi na Ashua wangekuwa nayo kabla ya Sudi kuamua kuhusu kinyago.

Swali la tatu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa linamtaka mwanafunzi aandike kikao ambacho tamthilia haina. Akiweza kumpa Ashua hoja yenye nguvu sawa na ya Sudi, bila kumfanya yeyote kati yao mjinga, basi atakuwa ameielewa Kigogo. Na siku atakapofikisha umri wa kupiga kura Malava, Butere au Lurambi, hatakuwa mwepesi wa kudanganywa na anayepiga kelele za usaliti, wala na anayeuza kila kitu kwa jina la amani.